Florence hadi Siena kwa gari: siku moja ya kuonja mvinyo wa Chianti

Kuna njia mbili kati ya miji hii ya Italia. Barabara ya mwendo kasi inakufikisha Siena kwa saa moja na kidogo. Hiyo tutarudia jioni. Kwenda, shika SR222, ambayo wenyeji huiita Chiantigiana: nyembamba, kona juu ya kona, mizabibu huku, mizeituni kule. Nimeshawaendesha wageni wengi njia hii, na wanaoharibu siku yao ni wale wanaotaka kuonja sehemu tano. Mbili zinatosha.

Hatua ya 1: Teueni dereva kabla ya gari
Kikomo cha pombe Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu. Kwa mwenye leseni isiyotimiza miaka 3, au aliye chini ya miaka 21, ni sifuri. Dereva anaweza kuonja akatema. Chombo cha kutemea kipo mezani na hakuna atakayemshangaa. Mwenye leseni ya Afrika Mashariki aje pia na kibali cha kimataifa cha udereva.

Hatua ya 2: Chukua gari nje ya katikati ya mji
Mitaa ya zamani ina ZTL, yaani eneo la magari yenye ruhusa tu, na kamera zinalinda. Kibao kikiwaka "varco attivo", usiingie. Mimi nilidhani maana yake ni "njia iko wazi", kumbe ni kamera iliyo kazini. Faini ilinifuata nyumbani miezi kadhaa baadaye, nimeshasahau hata mtaa wenyewe.

Hatua ya 3: Ondoka saa tatu asubuhi, simama Greve
Uwanja wa mji huu mdogo ni wa pembetatu, umezungukwa na baraza zenye matao, na sanamu ya Verrazzano, baharia aliyefika ghuba ya New York mwaka 1524. Jumamosi asubuhi kuna soko. Mistari ya maegesho: nyeupe bure, buluu unalipia, njano si yako.

Hatua ya 4: Onja bila haraka
Weka nafasi mapema, shamba moja kabla ya chakula na jingine baada yake. Shika glasi kwenye mguu wake, izungushe taratibu juu ya meza, nusa, kisha piga funda dogo na ulizungushe mdomoni. Chianti Classico, mvinyo wa vilima hivi kati ya Florence na Siena, lazima iwe na angalau asilimia 80 ya zabibu ya Sangiovese, kwa hiyo tarajia uchachu unaotoa mate, halafu ukakasi kwenye ufizi. Aliyewahi kula bibo anaujua ukakasi huo. Ukinunua, tafuta jogoo mweusi, nembo ya Chianti Classico, shingoni mwa chupa: "Chianti" tupu ni mvinyo mwingine, wenye eneo na kanuni zake.

Usiyekunywa, omba kuonja mafuta ya zeituni. Mapya, ya Novemba, yanawasha koo kama pilipili.

Hatua ya 5: Kula kabla ya saa nane
Majiko mengi hufungwa mchana, na ukichelewa utabaki na mkate, ambao katika mkoa huu wa Toscana haukandwi kwa chumvi. Panzano au Castellina, zilizo njiani, zote nzuri. Ukila Castellina, pita Via delle Volte, njia yenye dari ya mawe chini ya nyumba za ukutani.

Hatua ya 6: Fonterutoli, kisha Siena
Hadithi ya jogoo yule mweusi ni ya kijiji hiki cha Fonterutoli. Florence na Siena zilipogombea mpaka, inasemekana zilikubaliana kila upande utume mpanda farasi jogoo atakapowika, na mpaka uwe watakapokutana. Jogoo mweupe wa Siena alishiba akalala. Mweusi wa Florence alinyimwa chakula, akawika usiku wa manane. Wapanda farasi walikutana Fonterutoli, karibu kabisa na Siena.

Siena nayo ina ZTL, hivyo egesha nje ya kuta. Na chupa ulizonunua usiziache garini juani. Panda nazo mjini, hata zikikulemea.