Kuita fanksheni za C zenye hoja zisizo na idadi maalumu: kutoka Python, kisha lugha nyingine

Nilimwandikia mwenye boti mmoja hapa Amu programu ya risiti. Boti yake huvusha simiti kutoka jeti ya Mokowe. Mahesabu yalikuwa kwa Python, na mstari wa risiti niliupanga kwa `snprintf` ya C, fanksheni inayopanga maandishi kwa kufuata kiolezo. Kwenye kompyuta yangu ya Linux, kila kitu kilikaa sawa. Mwanawe alipoifungua kwenye laptopu yake mpya ya Apple, mzigo wa mifuko 12 ukatoka na nambari zisizo na kichwa wala miguu. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, mzigo wangu umekwenda wapi?" Kosa lilikuwa langu, na wengi wanalifanya bila kujua, kwa sababu kwenye mashine nyingi halionekani.

Kwanza, elewa nukta tatu

`int snprintf(char *s, size_t n, const char *format, ...);`

Hoja ni thamani unazoipa fanksheni. Tatu za mwanzo ni za kudumu. Zinazofuata, penye nukta tatu (`...`), fanksheni haijui ni ngapi wala ni za aina gani. Inasoma `format` na kuiamini, kama nahodha aliyepokea shehena iliyofungwa na hati yake mkononi: hati ikisema sukari, ataandika sukari, hata kama ndani ni unga. Ukiandika programu yote kwa C, kompaila (programu inayogeuza C kuwa lugha ya mashine) hukusaidia: hoja ya `float` huigeuza `double`, na `char` au `short` huigeuza `int`. Ukiiita fanksheni kutoka lugha nyingine, kazi hiyo ni yako.

Hatua ya 1: taja aina za hoja za kudumu

```
import ctypes as c
libc = c.CDLL(None)
libc.snprintf.argtypes = [c.c_char_p, c.c_size_t, c.c_char_p]
libc.snprintf.restype = c.c_int
```

`ctypes` ni maktaba ya Python ya kuitia fanksheni za C. Mstari wa `argtypes`, unaotaja aina za hoja, ndio niliouacha. Bila huo, Python haijui hoja za kudumu zinaishia wapi. Kwenye Linux ya x86-64 (prosesa za Intel na AMD) hupati adhabu, kwani hoja za nukta tatu hupita kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) zilezile za hoja za kawaida. Lakini kwenye mashine za Apple za ARM64, hoja za nukta tatu huwekwa kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta), zote. Python ikiziweka kwenye rejista, `snprintf` inakwenda kwenye staki na kuokota chochote ilichokikuta. Kwa hiyo jibu sahihi kwenye mashine yako si ushahidi wa kitu.

Hatua ya 2: funga kila hoja inayofuata

```
nje = c.create_string_buffer(80)
libc.snprintf(nje, 80, b"%s: mifuko %d, kilo %.1f",
              "Mokowe".encode(), 12, c.c_double(600))
print(nje.value.decode())
```

Angalia `encode()`. Ukiisahau, Python hupeleka maandishi ya herufi pana, na `%s` hukomea kwenye baiti sifuri ya kwanza: "Mokowe" inatoka "M" tu. Desimali tupu ya Python itakataliwa papo hapo, na afadhali hivyo. Ifunge kwa `c_double`, usitumie `c_float` kamwe, maana `%f` inasubiri `double`. Nambari nzima hupelekwa kama `int` ya biti 32, basi kwa kubwa zaidi tumia `c_longlong` pamoja na `%lld`.

Na jina la mteja lisiwe `format` yenyewe hata siku moja. Mtu akiandika `%s` ndani ya jina, fanksheni itakwenda kutafuta hoja isiyokuwepo.

Hatua ya 3: jenga mlango wenye hoja kamili

Hii ndiyo njia ninayoitumia sasa, na ningependa uanze nayo. Andika faili fupi la C, `risiti.c`:

```
#include <stdio.h>
int andika_risiti(char *nje, size_t n, const char *jina,
                  int mifuko, double kilo) {
    return snprintf(nje, n, "%s: mifuko %d, kilo %.1f",
                    jina, mifuko, kilo);
}
```

Lijenge:

`cc -shared -fPIC -o librisiti.so risiti.c`

Nukta tatu sasa zimebaki ndani ya C, ambako kompaila inazijua sheria za mashine husika. Upande wa Python, taja aina zote tano kwenye `argtypes`, na utapitisha `600.0` bila kuifunga. Kumbuka kujenga upya kwa kila aina ya mashine.

Lugha nyingine

Go haitaki mjadala: cgo, daraja lake la kwenda C, haiwezi kuita fanksheni ya C yenye nukta tatu, hivyo mlango wa hatua ya 3 ni lazima. Rust inakubali nukta tatu ndani ya `extern "C"`, na ukijaribu kupitisha `f32` kompaila inakusimamisha na kukutaka utumie `f64`. Kwenye Java 22, tangaza mahali nukta tatu zinapoanzia kwa `Linker.Option.firstVariadicArg(3)`, hesabu inaanza sifuri, na `snprintf` ina tatu za kudumu.

Ukimaliza, ijaribu risiti kwenye x86-64 na kwenye ARM64 zote mbili kabla hujamkabidhi mwenye mzigo. Mzee wangu sasa risiti yake inasoma kilo 600.0, mifuko 12 ya kilo 50, kwenye laptopu ya mwanawe na kwenye kompyuta yangu.