Somo: Sonata moja, piano mbili. Namna ya kuchagua rekodi

Tumsifu Yesu Kristo, wanakikundi.

Jumamosi iliyopita baada ya mazoezi, dada mmoja wa sauti ya pili aliunganisha simu kwenye sabufa akatuwekea ile sonata (muziki wa chombo wenye sehemu kadhaa) ya mtunzi Beethoven inayoitwa ya Mbalamwezi (jina hilo si lake Beethoven, lilikuja baada ya yeye kufa). Haikufika dakika moja, watu wa besi wakaangua kicheko: "Mwalimu, piano hiyo imelowa maji ya ziwa!"

Piano haikuwa mbovu. Tulikuwa tunamsikiliza Mrusi Alexei Lubimov akipiga piano iliyoundwa siku hizi kwa kuiga piano ya kampuni ya Érard ya Paris ya mwaka 1802. Sonata yenyewe ni ya 1801. Kwa hiyo sauti ile mliyoicheka iko karibu na masikio ya mtunzi kuliko piano yoyote tuliyoizoea sisi. Niliahidi somo, nalo ni hili.

Hatua ya 1: Tafuta mwaka wa sonata. Watu huanza na swali la "piano ya kale au ya kisasa?" Halijibiki hivyo, maana "piano ya kale" si kitu kimoja. Ni kama mtu aseme "mtumbwi" pale mwaloni Kirumba: kuna wa kasia na kuna wa injini uliosheheni magunia ya dagaa.

Piano alizozijua Mozart zilikuwa na oktava tano, yaani vitufe 61. Hesabu ileile ya kinanda chetu cha kanisani! Tofauti ni kwamba chetu kinaanzia C na zile zilianzia F ya chini zaidi. Mozart aliacha sonata 18 za piano, na zote zinaenea humo. Beethoven aliandika 32, na katika miaka hiyo piano ilikuwa ikikua mikononi mwake. Mwaka 1803 alipata Érard kutoka Paris. Mwishoni mwa 1817 kampuni ya Broadwood ya London ilimtumia zawadi ya piano ya oktava sita, ikasafiri kwa meli hadi Trieste, kisha ikavuka milima hadi Vienna. Mzigo wetu wa kutoka Dar ukichelewa tunalalamika. Huo ulifika 1818, na mwenyewe alikuwa karibu kiziwi kabisa.

Kwa hiyo andika mwaka wa sonata pembeni mwa daftari. Tutaurudia.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani ya chombo. Piano ya wakati wa Mozart, ambayo leo huitwa fotepiano ili isichanganywe na ya sasa, ina fremu ya mbao, nyuzi nyembamba, na vinyundo vidogo vilivyovikwa ngozi. Piano kubwa ya ukumbini ya leo ina fremu ya chuma, vitufe 88, vinyundo vya manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, na nyuzi zinazovuta kwa nguvu ya jumla inayofikia tani 20 hivi. Uzito wake ni karibu nusu tani. Baba yake Mozart aliandika mwaka 1785 kwamba fotepiano ya mwanawe ilibebwa kwenda ukumbini na kwenye nyumba za watu si chini ya mara kumi na mbili tangu yeye afike Vienna. Sisi kinanda tunakipakia bajaji na bado tunagombana nani akishike.

Masikioni tofauti ni hii. Fotepiano inaanza kwa mgongano mkali wa ngozi na waya, halafu sauti inakufa haraka, hivyo maneno ya muziki yanatamkwa moja moja. Na kila eneo lina tabia yake: chini kuna mkwaruzo, katikati ni kama mtu anayezungumza, juu ni nyembamba na kavu. Piano ya kisasa imesawazishwa toka chini hadi juu kama kwaya iliyofundishwa wote watoe sauti moja. Ni jambo zuri, ila wakati mwingine unatamani kumsikia yule mzee wa besi mwenye sauti ya mchanga.

Hatua ya 3: Pima kwa kipande kimoja, rekodi mbili. Usisikilize albamu nzima. Chagua mahali ambapo chombo kinabadilisha jambo. Mimi nina mahali patatu.

Pa kwanza ni hiyo Mbalamwezi. Mwanzoni Beethoven ameagiza sehemu yote ya kwanza ipigwe bila vizimio, yaani vile vipande vinavyoshuka kunyamazisha nyuzi viachwe juu muda wote. Jaribu hivyo kwenye piano ya kisasa, ukanyage pedali usiiachie: baada ya mistari miwili ni uji. Ndiyo maana wapigaji wengi wa leo hubadilisha pedali kila nota za chini zinapobadilika. Kwenye piano ya enzi ile sauti inafifia yenyewe, ya zamani inaondoka wakati mpya inaingia, na kinachobaki ni ukungu mwepesi kama wa alfajiri kule Capri Point kabla jua halijapiga mawe. Hapa chombo cha kale kinashinda, wala sibishani na mtu.

Pa pili ni mwisho wa sonata ya Beethoven iitwayo Waldstein, opasi 53 (opasi ni namba ya kazi ya mtunzi). Kuna mahali mkono unateleza juu ya vitufe kwa oktava. Vitufe vya piano za Vienna vilikuwa vyepesi, vinazama kidogo tu, kwa hiyo mkono ulipita. Kwenye piano ya leo vidole vinachubuka, na wengi hugawa nota kwa mikono miwili. Sikiliza kama mpigaji wako anateleza au anapanda ngazi.

Pa tatu ni sonata ya mwisho ya Schubert, ile D. 960 (namba yake katika orodha ya kazi zake) ya mwaka 1828, mwaka aliokufa. Wimbo unatembea polepole kama sala, halafu chini kabisa mkono wa kushoto unatetemesha nota. Kwenye Steinway nzuri, yaani piano kubwa ya kisasa, utasikia tetemo laini. András Schiff ameirekodi kwa piano ya Brodmann iliyoundwa Vienna karibu mwaka 1820, na tetemo lile ni radi iliyoko mbali upande wa Ukerewe: hujaona wingu, lakini unajua anayeanua nguo ana haki. Piano hizo zilikuwa pia na pedali inayoingiza kitambaa kati ya vinyundo na nyuzi. Piano kubwa ya ukumbini ya leo haina.

Hatua ya 4: Soma nyuma ya kasha, au maelezo ya albamu kwenye simu. Hapa ndipo daftari linarudi. Neno "piano ya kale" peke yake halitoshi. Tafuta jina la fundi na mwaka: Stein, Walter, Broadwood, Graf. Linganisha na mwaka wa sonata. Mozart kwenye Walter ni sawa, maana alikuwa nayo nyumbani. Opasi 111 ya Beethoven, ya 1822, kwenye piano ya oktava tano haiwezekani. Nota zingine hazimo kabisa. Na Mozart kwenye Graf ya miaka ya 1820 ni kosa dogo kuliko Mozart kwenye Steinway, lakini bado ni kumvika babu suti ya mjukuu.

Albamu isiyotaja chombo, achana nayo. Niliwahi kununua flashi katika duka moja mjini, imeandikwa "Mozart, piano za kale". Kufika nyumbani ni kinanda cha umeme, tena kimewekewa mwangwi wa ukumbi.

Halafu kuna chombo halisi na kuna nakala. Halisi kina miaka 200, mbao zimechoka, saa nyingine unasikia ubao ukigonga. Nakala ina nguvu ya chombo kipya, kama kilivyokuwa siku mtunzi alipokigusa. Mimi ni mtu wa nakala, hasa za Paul McNulty anayefanya kazi Jamhuri ya Cheki.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo uangalie mpigaji. Kwa Mozart kwenye piano ya kale, Kristian Bezuidenhout; kwa Mozart kwenye piano ya kisasa, Mitsuko Uchida au Maria João Pires. Kwa sonata zote 32 za Beethoven, Ronald Brautigam, Mholanzi, amezipiga kwa nakala zinazobadilika kadiri miaka ya sonata inavyosogea. Hiyo ndiyo hatua ya 4 iliyotekelezwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Kwa upande wa kisasa nampenda Wilhelm Kempff, rekodi zile za miaka ya 1960. Na Artur Schnabel, wa kwanza kurekodi zote, 1932 hadi 1935: kuna mchakacho, kuna nota anazikosa waziwazi, na bado sehemu zake za polepole zinanifanya nizime feni nisikilize.

Hatua ya 6: Zima sabufa. Sabufa imetengenezwa kwa ngoma za harusi. Inavimbisha besi na kuimeza fotepiano, ambayo uhai wake uko katikati na juu. Tumia hedifoni, usiku, bodaboda zikipungua, mvua isiwe juu ya bati. Tena sawazisha sauti ya rekodi zote mbili kabla ya kuhukumu. Inayolia kwa nguvu zaidi huonekana nzuri hata kama si nzuri.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Nilijaribu kupiga kinanda pamoja na rekodi ya Mozart ya fotepiano, hatukubaliani hata nota moja. Kinanda changu kimeharibika?*

Marahaba mwanangu. Kinanda ni kizima. Rekodi nyingi za namna hiyo hutuniwa nota A ikiwa 430 (mitetemo kwa sekunde), wakati kinanda chako kiko 440. Tofauti ni karibu nusu ya mwendo wa kitufe cheupe kwenda cheusi cha jirani, ndiyo maana inauma sikio. Ingia sehemu ya kutuni kwenye kinanda, shusha A hadi 430. Ukimaliza rudisha, Jumapili isije ikawa balaa.

*Mwalimu, kwa heshima, Beethoven angepata Steinway angezitupa hizo za mbao. Sisi tunarudi nyuma kwa nini?*

Kaka, huenda angeipenda. Lakini alichoandika alikiandika akiwa na ile ya mbao. Chukua opasi 57, Appassionata: kwenye piano ya wakati wake zile nguvu za mwisho zinakifikisha chombo ukingoni, unasikia mbao zinalalamika. Kwenye Steinway nguvu ileile ni nusu ya uwezo wake, bado ina akiba. Mtu anayebeba gunia hadi magoti yanatetemeka hafanani na lori lililobeba gunia hilohilo, ingawa gunia limefika. Ukitaka kusikia magoti, nenda kwa mbao. Siku ninayotaka kusikia opasi 109 ikiimba taratibu, nachukua Kempff, wala sioni aibu.

*Na Haydn je? Naona wengine wanampiga kwa hapsikodi, kile kinanda cha kale kinachodonoa nyuzi badala ya kuzigonga.*

Wako sahihi kwa sonata zake za mwanzo. Za mwisho ni habari nyingine: alizitunga 1794 alipokuwa London, kwenye piano za Kiingereza zenye sauti nene kuliko za Vienna. Angalia mwaka.

*Mwalimu, bando langu linatosha albamu moja tu mwezi huu. Ipi?*

Bezuidenhout, Mozart, juzuu yoyote. Usiku wa kwanza utaona ni kavu, usiku wa tatu utaizoea. Pakua kwa Wi-Fi ya chuo kama uko Malimbe, usilimalizie bando barabarani.

*Tunaweza kurudia kusikiliza Jumamosi?*

Tunaweza, saa kumi na moja, baada ya mazoezi. Watu wa besi wakae mbele. Na sabufa ibaki kwa mwenyewe.