Dar kwa miguu: toka Boma la Kale mpaka paa la Kariakoo

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na kila anayetaka nimtembeze katikati ya jiji namwambia kwanza: tazama juu ya vibao vya maduka. Huku chini duka la simu na duka la nguo yanafanana mji mzima. Dar ya zamani imebaki ghorofani.

Nenda Jumapili saa moja asubuhi, magari yakiwa machache na jua halijawaka. Simu usiielekeze Ikulu, bandarini wala kwa polisi. Mlinzi akiwa mtu mzima, anza na shikamoo kabla ya ombi lolote. Kwa salamu hiyo nimefunguliwa mageti mengi.

Anzia Boma la Kale, pale Morogoro Road inapokutana na Sokoine Drive. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wake, alipokuwa akiuanzisha mji huu. Hapa usipite mbio. Simama dirishani upime kina cha ukuta kwa mkono wako: ni mawe ya matumbawe na chokaa, na unene huo ndio unaozuia joto lisiingie. Kisha uangalie mlango wa kuchonga. Nyumba za namna hii pwani yetu vyumba vyake huwa vyembamba na virefu, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko una kikomo chake.

Fuata Sokoine Drive kuelekea Kivukoni. Utapita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mnara na vigae vyekundu, yote ya zama za Wajerumani. Ingia kama hakuna ibada.

Panda Azikiwe mpaka Sanamu ya Askari. Awali hapo alisimama Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Aliondolewa 1916 Waingereza walipouteka mji katika Vita Kuu ya Kwanza. Huyu wa shaba aliwekwa 1927, singe yake ikielekea bandarini. Watu wengi hupiga picha wakaondoka. Wewe sogea usome maandishi ya Kiswahili, utakuta wapagazi wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi, na naona uchungu kwamba sanamu ni ya askari na wao wakaambulia maneno machache. Kambi yao ilikuwa Kariakoo, kwa hiyo tunaelekea huko.

Ila pitia Uhindini kwanza, mitaa ya Indira Gandhi na Jamhuri. Hapa ndipo shingo itauma. Chini ya ukingo wa paa, mafundi waliandika kwa plasta jina la mwenye nyumba au mwaka wa ujenzi. Tazama baraza za ghorofani zilizokunjwa kona kwa duara, na vivuli vya zege juu ya madirisha. Piga picha kila jengo na uandike mtaa na tarehe siku hiyohiyo, maana yanabomolewa kupisha maghorofa, na sijui kama tutabaki na hata mtaa mmoja kamili.

Pita Mnara wa Saa, vuka Mnazi Mmoja, uingie Kariakoo. Soko kuu ni kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, ya miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa: kila mmoja hukusanya mvua katikati na kuishusha kupitia nguzo yake mpaka kwenye tangi chini ya ardhi. Nguzo, paa na bomba la maji ni kitu kimoja! Kwa macho yangu ndilo jengo bora la mjini hapa. Ukiwa chini huwezi kuona umbo lote. Omba ruhusa kupanda ghorofa la jirani upande wa barabarani.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yapangie siku nyingine. Ukiyaunganisha na safari hii utafika umechoka na hutasoma chochote.