Kutengeneza dalachi, pambo la kichwa la wanawake wa Kimanchu

Kabla hujakata waya, jua unamvisha mwanamke wa enzi gani. Dalachi kubwa, ile iliyosimama utosini kama ubao, ni ya mwishoni mwa karne ya 19; ndiyo aliyoivaa Cixi, malkia mama aliyeitawala China, kwenye picha zake. Mhusika wa karne ya 18 usimvike. Hao walisuka mafundo mawili kwa nywele zao wenyewe.

Hatua ya 1: Kitako. Pima fundo la nywele utosini, si kichwa kizima. Pinda waya mduara wa kulikalia fundo hilo, kimo chake vidole vitatu. Dalachi yangu ya kwanza niliipima kichwa kizima. Mwigizaji alipoinama kusalimia, ikamfunika macho.

Hatua ya 2: Ubao. Kata kadibodi ngumu, upana kama sentimita 30, pembe za juu ziwe mviringo. Zungushia waya pembezoni, kisha vika satini au mahameli nyeusi. Shona kwa mkono. Gundi hupenya satini ikaacha madoa, na taa za jukwaani hazifichi kitu.

Hatua ya 3: Bianfang. Ni kipande bapa kinacholala kimkingamo pale ubao unapokutana na kitako. Mabibi wa kasri walikuwa navyo vya jade na dhahabu. Mimi hupaka rangi rula ya mbao. Usikiache hata kama hakionekani vizuri. Zamani nywele zenyewe zilizungushwa hapo, na pambo lote limeota kutoka kwenye kipande hicho.

Hatua ya 4: Maua. Ua moja kubwa la hariri katikati, madogo pembeni, kishada cha nyuzi kining'inie hadi karibu na bega. Mapambo ya kifahari yalibandikwa manyoya ya buluu ya mdiria. Utepe wa satini unatosha, mwache ndege wa watu.

Mwigizaji wako naye aelewe amebeba nini. Mwaka 1645, chini ya watawala Wamanchu wa China, wanaume Wahan, yaani Wachina wa kabila kubwa zaidi, waliamriwa kunyoa paji na kusuka mkia wa nywele, la sivyo wauawe. Wake zao hawakulazimishwa kubadili mitindo yao. Kwa hiyo kichwa cha mwanamke ndicho kilichosema kama ni wa Bendera Nane, yaani vikosi vya kijeshi vya utawala wa Qing wa Wamanchu pamoja na familia zao, au la. Hata jina jingine la dalachi, qitou, maana yake ni kichwa cha bendera.

Hatua ya 5: Kuvaa. Kaza kwa pini nne, mbili kila upande. Akitaka kutazama kando ageuke na mabega yote, polepole. Akigeuza shingo peke yake, kishada kitampiga shavuni.