Kabla ya kuomba kubaki na mtoto kwenye talaka: mambo ya kutayarisha Lubumbashi

Talaka inaanzia Mahakama ya Amani, ile watu wanayoiita Tripaix, na ombi la kubaki na watoto linaingia humo humo. Wengi wanafika wamejaa maneno juu ya mwenzao: mlevi, ana mwanamke mwingine. Hayo ni ya talaka. Kuhusu mtoto, hakimu anatafuta nani anamwamsha asubuhi, nani anamlipia masomo, akiugua nani analala naye hospitali. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inataka faida ya mtoto itangulie. Jibu lako liwe la karatasi.

Kwanza cheti cha kuzaliwa. Karatasi ya materinite (hospitali ya uzazi) haitoshi. Kinachotakiwa ni cheti cha komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa. Siku 90 za kumwandikisha zikishapita, itabidi upate kwanza hukumu ya Mahakama ya Watoto, kwa hiyo usingoje wiki ya kesi. Linganisha majina herufi kwa herufi: "Mwamba" kwenye cheti na "Muamba" kwenye ripoti ya shule ni mlango kwa avoka (wakili) wa upande wa pili. Ndoa ya kimila ambayo haikuandikishwa komini nayo inakukwamisha mapema.

Kisha kusanya risiti za shule, kadi ya chanjo, karatasi za dispensari. Kama unalipa kwa M-Pesa au Airtel Money, nakili tarehe, kiasi na namba ya muamala kwenye daftari, maana simu ikiibwa ujumbe wote umekwenda. Shahidi bora ni mwalimu au jirani wa parseli moja. Dada yako wa tumbo moja ana uzito mdogo, hata akisema kweli tupu.

Kosa linaloumiza zaidi ni kumhamisha mtoto kimya kimya, Kolwezi kwa shangazi au ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Hakimu ataona umemficha. Badala yake, tangu ombi la kwanza dai hatua za muda: mtoto akae kwako na matunzo yaanze kulipwa wakati kesi inaendelea. Wengi wanasahau. Kesi inakokota miezi, mtoto amezoea alipo, na siku ya hukumu hakuna anayetaka kumng'oa tena.

Wazee watasema mali (mahari) ilitolewa, mtoto ni wa baba. Kwa Babemba na Balamba mjomba naye ana neno lake. Wasikilize, ila hakimu hafungwi na mali. Mkikutana kifamilia, yaandikwe na wote watie sahihi. Mahakamani napo mtaanza na upatanisho, na siku hiyo unafika mwenyewe, hutumi avoka peke yake.

Leta pia pendekezo la matembezi: siku gani, saa ngapi, mtoto anachukuliwa wapi. Asiyebaki na mtoto bado ana haki ya kumwona na wajibu wa kumtunza, hivyo anayeomba kumfungia mwenzake mlango anajiharibia. Isipokuwa kuna kipigo. Hapo lete cheti cha daktari na maandishi ya polisi.

Gharama lipia kwenye kasha ya mahakama, yaani dirisha la malipo, na udai risiti. Asiye na uwezo aombe komini cheti cha umaskini, kisha aende ofisi ya ushauri wa bure ya baro ya mji, yaani chama cha maavoka. Toa nakala tatu za kila karatasi, na zile za asili zihifadhi nje ya nyumba ya ndoa: ugomvi ukiwaka, ndizo zinazochanwa kwanza.