Vifaranga vya gapi, moli na plati: namna ya kuwakuza

Gapi, moli na plati ni samaki wadogo wa kufugwa tangini; hawatagi mayai, huzaa. Kuwapandisha si kazi. Kazi ni kuokoa vifaranga, kwani hata mama huwala wanawe mara tu anapowazaa.

Tangi la lita 40 latosha kuanzia. Maji yawe magumu kiasi (yenye madini), pH (kipimo cha asidi) 7 hadi 8, nyuzijoto 24 hadi 27. Tumia chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa. Chujio la mota lisilofunikwa mdomo hufyonza vifaranga. Tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kuondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kwa hiyo usilikimbilie. Klorini ya maji ya bomba huondolewa kwa dawa. Kuyaacha wazi siku nzima husaidia, ila si kwa kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia.

Weka dume 1 kwa majike 2 au 3. Dume ana pezi la chini ya tumbo lililochongoka kama kijiti. La jike limefunguka kama upepeo wa mkono. Madume wakizidi, jike hukimbizwa mpaka adhoofike. Jike wa dukani mara nyingi tayari amebeba, naye huhifadhi mbegu kwa miezi kadhaa, hivyo huzaa tena bila dume. Anayetaka rangi maalumu aanze na majike waliotengwa tangu wachanga.

Mimba ya gapi huchukua siku 21 hadi 30 hivi. Doa la karibu na njia ya haja hukolea, tumbo likaonekana lina pembe. Hapo wengi humfungia kwenye kisanduku cha uzazi, nacho ni kidogo mno: akifadhaika anaweza kuharibu mimba. Afadhali umhamishe mapema kwenye tangi dogo lenye mosi wa Java (mmea wa majini) tele na mimea inayoelea, kisha umtoe akishazaa.

Vifaranga hula siku hiyohiyo: chakula cha vipande kilichosagwa kuwa unga, kidogokidogo mara 3 au 4. Artemia hai, vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi, huwakuza haraka zaidi. Changanya gramu 25 za chumvi kwa lita ya maji, tia mayai yake, pitisha hewa kwa nguvu penye mwanga. Kwenye nyuzi 26 hadi 28 huanguliwa kwa saa 24 hadi 36. Wachuje kwa kitambaa na uwasuuze kwanza. Mabaki yafyonze kila siku, na badilisha maji asilimia 10 hadi 20 kila baada ya siku 2, yenye joto lilelile.

Gapi watenganishe dume na jike kufikia wiki ya 4. Ukichelewa, dada atakuwa amebeba mimba ya kaka yake.