SOMO: Kurudisha nikeli iliyochubuka kwenye plastiki za dashibodi

Wakuu, ringi za geji za Datsun 120Y ya mzee nilizozirudisha mng'ao zimeniletea maswali mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Kwanza ile sio nikeli ya bampa. Plastiki nyingi za ndani za miaka ya 70 zina utando mwembamba sana wa alumini na vanishi juu yake, ndo maana ukipangusa vumbi miaka na miaka unaisha.

1. Piga picha, fungua, skrubu panga kwenye trei la mayai.

2. Osha na sabuni ya vyombo.

3. Loweka kwenye jiki, alumini itayeyuka yenyewe. Klipu za chuma toa kwanza, zitashika kutu. Fanyia nje, na jiki usichanganye na dawa ya choo wala spiriti, hewa yake ni sumu. Suuza sana. Thina usiisogeze, inakula plastiki.

4. Msasa wa maji, 1000 halafu 2000.

5. Puliza rangi nyeusi ya kung'aa. Hapa ndo niliharibu. Ilikuwa Julai, Uyole, nikapuliza jioni uani na ile baridi, unyevu ukaingia rangi ikapata ukungu mweupe, nikajipa moyo, asubuhi nikagusa nikaona kavu nikapiga kromu (rangi ya kopo ya kung'aa kama kioo) juu. Ikatoka kijivu kama sufuria. Kazi yote ikarudi kwenye jiki. Shikeni hili: mng'ao hautoki kwenye kromu, unatoka kwenye nyeusi iliyo chini. Puliza mchana jua likiwaka, kopo liweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu (SIO ya moto, wala usilisogeze jikoni, litalipuka), mikono mitatu myembamba, kisha acha wiki nzima. Nusa, ukisikia harufu ya rangi bado. Na kama hujioni uso kwenye hiyo nyeusi usiendelee, rudi kwenye msasa.

6. Kromu nyepesi nyepesi, usiguse na kidole siku tatu. Mistari myembamba tumia kalamu ya kromu.

7. Kliya (vanishi ya juu isiyo na rangi) usipige, inafifisha.

MASWALI

Mdau wa Mafinga: Mkuu Jumamosi nina harusi, naweza kuruka nyeusi nipige kromu moja kwa moja?
– Soma namba 5.
– Nimesoma, nauliza njia ya mkato.
– Hakuna. Nenda nayo harusini ilivyo.

Mdau wa Soweto: Unakuza mambo, mimi nilipiga sprei ya silva tu ikatoka poa.
– Silva ni silva, haitoi kioo. Weka picha tuone. Mimi siuzi kitu hapa, naeleza nilichofanya kwa mikono yangu.

Dada wa Tukuyu: Kaka shikamoo, huku kwetu mvua haikati, hilo jua nalitoa wapi? Na kwa nini nyeusi, sio nyeupe?
– Marahaba dada, umeuliza la maana. Kromu ya kopo ni chembe ndogo sana za alumini zinazolala bapa. Mwanga unaopenya katikati yake nyeusi inaumeza, unarudi ule wa kwenye chembe tu. Nyeupe ingeurudisha wote ovyo, kioo kikafifia. Kuhusu mvua, pulizia chumba kikavu, mlango wazi, moto wowote uzimwe. Ikikaa masaa mawili matatu hewa ya rangi ikiisha, hamishia kwenye boksi lenye balbu ya njano kama la kulelea vifaranga, plastiki ikae mbali na balbu isije ikapinda. Ukikwama niandikie tu.
– Ndaga fijo kaka!

Fundi wa Mwanjelwa: Mikanda iliyonyooka mi nabandika tepu ya alumini ya mafundi friji, naikandamiza na mgongo wa kijiko, nakata na wembe.
– Kweli mkuu, kwenye mkanda ulionyooka inaizidi rangi. Kwenye ringi ndo inakunjamana.

Mdau wa Makambako: Na kioo cha geji kina mikwaruzo?
– Kama ni cha plastiki, dawa ya meno nyeupe, kitambaa laini, sugua kwa kuzungusha dakika kumi. Kitoe kwanza, maji yasifike kwenye namba, na mshale usiuguse, ukipinda geji itasoma uongo.